Kupima Si Kukosa Imani

Somo: 1 Samweli 14:24-30

  Asubuhi ya leo tunataka kuzungumza juu ya ugonjwa ambao wengi wanaujua kwa jina, na wengine wanao miilini mwao bila kujua. Ni ugonjwa wa kisukari.

Labda mtu atauliza, "Kasisi ana neno gani juu ya sukari? Hayo si mambo ya daktari?" Ni kweli, dawa ni kazi ya daktari, nasi hatuji hapa kumnyang'anya kazi yake. Lakini sisi tunaotembelea nyumba za Wakristo tunakutana na kisukari mara kwa mara, na mara nyingi tunakikuta kimechanganyika na mambo ya imani. Twamkuta mama aliyeacha kujidunga insulini kwa kuwa ameombewa. Twamkuta mzee anayefunga Kwaresima kutwa nzima, naye hajamwambia mtu kwamba anameza vidonge vya sukari. Twamkuta kijana anayeficha mashine yake ya kupimia damu chini ya godoro ili wageni wasiione. Mambo kama haya hayawezi kuachiwa daktari peke yake. Yametokea kanisani, basi na kanisani yazungumzwe.

Katika somo letu la leo, Mfalme Sauli yuko vitani na Wafilisti. Anawaapisha watu wake kwamba yeyote atakayeonja chakula kabla ya jioni na alaaniwe. Kiapo hicho kilisikika kama jambo la ucha Mungu. Lakini watu walikuwa wamepigana tangu asubuhi, nao wakazidi kudhoofika. Wakaingia msituni, na tazama, asali ilikuwa ikidondoka. Hakuna aliyethubutu kuigusa. Ila Yonathani, mwana wa mfalme, hakuwa amesikia kiapo cha baba yake. Akanyosha fimbo yake, akachovya asali, akala, na macho yake yakapata nuru. Alipoambiwa habari za kile kiapo, alisema wazi kwamba baba yake amewataabisha watu bure.

Ndugu zangu, tuyaweke moyoni maneno haya mawili: kiapo cha Sauli na asali ya Yonathani. Tutayarudia. Lakini kwanza tuelezane kisukari ni nini.

Chakula tunachokula, kama ugali, viazi, chapati, wali au uji, hugeuka kuwa sukari ndani ya damu. Sukari hiyo ndiyo kuni za mwili. Ili iingie katika viungo na kuvipa nguvu, inahitaji kufunguliwa mlango, na ufunguo wa mlango huo huitwa insulini. Insulini hutengenezwa na kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo la chakula. Kuna watu ambao kongosho yao imeacha kabisa kuitengeneza. Wengi wa hao huugua wangali watoto au vijana, nao hawawezi kuishi bila kudungwa insulini kila siku. Kuna wengine, nao ndio wengi zaidi, ambao insulini yao haitoshi au haifanyi kazi sawasawa. Hao huweza kutunzwa kwa chakula cha kiasi, kwa kuutumikisha mwili, kwa vidonge, na wengine kwa insulini pia.

Sukari isipoingia viungoni hujaa katika damu. Ndipo mtu husikia kiu isiyokwisha, huenda haja ndogo mara nyingi usiku, hupungua mwili, na macho yake huona ukungu. Lakini wengine hawasikii neno lolote kwa miaka mingi, na huku sukari inaharibu macho, figo, moyo na mishipa ya fahamu ya miguu polepole kama mchwa ndani ya boriti. Wizara yetu ya Afya ilipofanya uchunguzi nchini mwaka wa 2015, ilionekana kwamba karibu watu wazima 88 katika kila 100 hawakuwa wamepimwa sukari hata mara moja maishani. Fikirini idadi hiyo, kisha fikirini viti vya kanisa lenu Jumapili.

Tumshukuru Mungu, kwa maana tumezaliwa katika siku njema. Zamani waganga wa Bara Hindi waliutambua ugonjwa huu kwa kuona sisimizi wakiukusanyikia mkojo wa mgonjwa. Matabibu wa Ulaya waliuonja mkojo kwa ulimi. Hata walipoutambua, dawa hawakuwa nayo, na mtoto aliyepatikana na ugonjwa huu alikufa. Mwaka wa 1921, huko Toronto nchini Kanada, Frederick Banting na Charles Best walifanikiwa kupata insulini kutoka katika kongosho za wanyama, wakisaidiana na James Collip na Profesa Macleod. Mwezi wa Januari 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, aliyekuwa amekonda hata akabaki mifupa, alidungwa dawa hiyo akapata nafuu. Akaishi miaka 13 zaidi. Nao wenye ugunduzi huo waliiuzia chuo kikuu haki zao kwa dola moja kila mmoja, ili dawa hiyo isiwe mali ya mtu. Siku aliyozaliwa Banting, tarehe 14 Novemba, ndiyo inayoadhimishwa ulimwenguni kuwa Siku ya Kisukari.

Kupima nako kumesonga mbele. Kwa miaka mingi mkojo ulichemshwa pamoja na dawa ya buluu. Ukigeuka kijani, sukari ni kidogo. Ukigeuka rangi ya matofali, sukari ni nyingi. Mashine za kwanza za kupima damu, za mwanzoni mwa miaka ya 1970, zilikuwa nzito na zilikaa kwa daktari. Siku hizi mashine hutoshea kiganjani. Unadunga kidole, unagusisha tone moja la damu kwenye kijiti cha kupimia, na baada ya sekunde chache nambari inatokea. Kiko pia kidude kinachobandikwa mkononi, karibu na bega, ambacho husoma sukari mchana na usiku kwa majuma mawili bila kudunga kidole kila mara, ingawa bei yake bado ni mzigo kwa wengi.

Sasa tuseme mambo matatu juu ya kipimo hiki na imani yetu.

La kwanza: kupima ni kusema kweli. Mtu mwenye kisukari akiamka hajala kitu, kwa kawaida madaktari hupenda nambari yake iwe kati ya 4 na 7. Saa mbili baada ya kula, wengi huambiwa isizidi 10. Daktari wako ndiye atakayekuambia yako iwe ngapi, na upime mara ngapi, kwa maana anayetumia insulini hupima mara nyingi kuliko anayemeza vidonge. Lakini kuna jambo tunaloliona. Watu huiogopa nambari kana kwamba ni hukumu. Mtu akiona 14, moyo wake husema, "Nimefanya dhambi." Kesho yake hapimi. Au ikikaribia siku ya kliniki huandika katika daftari nambari nzuri za kubuni, ili daktari asimgombeze. Au hula vizuri siku tatu tu kabla ya kwenda hospitalini. Lakini kipo kipimo kingine cha damu kinachoonyesha hali ya sukari ya miezi miwili mitatu iliyopita. Hicho hakidanganyiki kwa siku tatu.

Ndugu, nambari si hukumu. Nambari ni habari. Mkulima akiona mawingu hajilaumu wala hayalaumu mawingu, bali huanika mahindi au huyaanua. Ndivyo ilivyo 14. Yakwambia: jana chakula kilizidi, au dawa ilisahauliwa, au kuna homa mwilini, au moyo una mashaka. Tafuta sababu, ukaendelee na safari. Kila Jumapili twaungama mbele za Mungu mambo tuliyotenda na yale tuliyoacha kutenda. Hatuungami ili tuaibishwe, twaungama ili tusaidiwe. Asiyemwambia daktari kweli atapewa dawa ya ugonjwa wa mtu mwingine. Wazee wetu walisema, mficha maradhi kilio kitamfichua.

Na kwa kuwa kipimo ni shahidi, kisitiwe uongo kwa mikono yetu. Nawa mikono kwa maji na sabuni, uikaushe, ndipo upime. Mtu aliyemenya embe akapima bila kunawa aweza kuona nambari kubwa ya kutisha, kumbe ni sukari ya embe iliyo kidoleni. Dunga ubavuni mwa ncha ya kidole, si katikati, na ubadilishe vidole. Chupa ya vijiti ifungwe mara moja, isiwekwe penye joto wala unyevu, na tarehe yake itazamwe. Sindano ya kudungia kidole isitumiwe na watu wawili kamwe, hata mume na mke. Na zilizotumika zitiwe katika chombo kigumu chenye kifuniko, zipelekwe hospitalini, zisitupwe mahali watoto wanapocheza.

La pili: kupima hakupingani na maombi. Sisi twaamini kwamba Mungu huponya. Twawaombea wagonjwa, na tutaendelea kuwaombea. Lakini inatuuma sana kusikia mhubiri akimwambia mtu, "Ukiwa na imani, tupa dawa." Wapendwa, mtoto anayeishi kwa insulini akinyimwa insulini aweza kufa kwa siku chache tu. Jambo hili si la kubahatisha, wala si la kuonyeshea imani.

Tazameni alivyofanya Bwana wetu. Wakoma kumi walipomlilia (Luka 17), aliwatuma waende wakajionyeshe kwa makuhani. Kwa nini? Kwa sababu katika torati makuhani ndio waliowakagua wenye ukoma na kutangaza nani ametakasika. Bwana hakuogopa ukaguzi. Uponyaji wake ulikuwa wa kweli, na jambo la kweli haliogopi kuchunguzwa. Basi mtu akiombewa, na akiamini ameponywa, asitupe dawa. Aende akajionyeshe. Apimwe, arudie kupimwa, na daktari mwenyewe ndiye aseme dawa ipunguzwe au iachwe. Kama Mungu ametenda, tone la damu litamshuhudia Mungu. Na kama bado, ndugu huyo hajapungukiwa na upendo wa Mungu hata chembe. Mtume Paulo aliomba mara tatu mwiba wake uondolewe, naye alipewa neema ya kuuchukua. Je, twaweza kumwita Paulo mtu asiye na imani?

La tatu: asali ya Yonathani. Wengi wakisikia neno kisukari hufikiri juu ya sukari iliyopanda tu. Lakini anayetumia insulini au baadhi ya vidonge aweza pia kushukiwa na sukari, hasa akikawia kula, au akifanya kazi nyingi shambani, au akifunga. Ikishuka chini ya 4 huanza kutetemeka na kutoka jasho, moyo humwenda mbio, njaa humshika, na maneno yake huchanganyika. Mwingine hupepesuka kama mlevi. Na hapa, ndugu zangu, makanisa yetu yanahitaji hekima. Mtu akianza kutetemeka na kusema maneno yasiyoeleweka katikati ya ibada, wapo wanaonong'ona kwamba amelewa, na wapo wanaokimbilia kumkemea pepo. Kumbe mwili wake unalilia asali ya msituni!

Ukijua kwamba huyo ana kisukari, naye anaweza kumeza, mpe sukari mara moja: vijiko vitatu au vinne vidogo katika maji, au nusu gilasi ya soda ya kawaida yenye sukari. Ngojeni dakika 15, apime tena. Ikiwa bado iko chini, apewe tena, kisha ale chakula. Kama hakuna mashine karibu, msingojee mashine, mpeni sukari. Lakini aliyezimia asitiwe kitu chochote kinywani, asije akapaliwa. Alazwe kwa ubavu, akimbizwe hospitalini. Ombeni njiani.

Juu ya kufunga tutasema wazi. Mkristo mwenye kisukari asifunge chakula kabla hajazungumza na daktari wake. Zipo funga nyingine: kufunga maneno ya kusengenya, kufunga starehe, kutoa fedha za chakula cha mwenye njaa. Bwana alipomfufua binti wa Yairo, agizo alilotoa ni kwamba mtoto apewe chakula. Yeye aliyeumba tumbo hapendezwi na mtu anayeanguka kwa njaa madhabahuni. Na sisi makasisi tunaotangaza siku za kufunga, tusiwe kama Sauli aliyewafunga watu wote kwa kiapo kimoja bila kutazama miili yao. Tunapotangaza, tuwataje na wagonjwa, wazee, wanaonyonyesha, na wanaomeza dawa, kwamba wao wamesamehewa, wala wasione haya.

Je, kanisa lifanye nini zaidi? Tuanze na birika la chai. Desturi yetu ni kuchemsha chai na maziwa na sukari pamoja, kisha kumwagia kila mtu kikombe hata pomoni. Mgeni akikataa, mwenye nyumba huona amedharauliwa. Basi mwenye kisukari akizuru nyumba tano siku moja hunywa vikombe vitano vya sukari kwa ajili ya adabu, na usiku hulia peke yake akitazama mashine. Kina mama wa kanisa, mnaweza kuponya jambo hili wiki hii. Chemsheni chai bila sukari, bakuli la sukari liwekwe mezani, kila mtu ajitilie. Wala msimuulize mtu mbele za watu, "Mbona hutii sukari?" Upendo wa kweli hauna maswali mengi.

Tena, mtoto wa shule ya Jumapili akitoa biskuti wakati wa mahubiri, msimfukuze kabla ya kuuliza. Huenda biskuti hiyo ndiyo inayomfanya asianguke. Mzazi naye awaambie walimu mapema. Ugonjwa wa mtoto si laana ya ukoo, wala si matokeo ya pipi alizokula. Hakuna aliyemroga.

Na juu ya gharama: mashine hununuliwa mara moja, lakini vijiti huisha na kununuliwa tena na tena. Wapo wanaokata kauli kati ya vijiti na unga wa watoto. Twachanga kwa ajili ya paa na kwa ajili ya vipaza sauti. Je, hatuwezi kutenga sadaka moja kwa mwaka, tukamwalika mhudumu wa afya aje kuwapima watu baada ya ibada, na wasiojiweza wakanunuliwa vijiti? Aliyeishi mbali na stima aonyeshwe jinsi ya kuhifadhi insulini penye ubaridi kwa chungu cha udongo kilicholoweshwa maji, nje ya jua. Na kila jioni, ndugu mwenye kisukari, ikague miguu yako juu na chini, hata katikati ya vidole. Mguu uliokufa ganzi hausikii msumari. Kama huoni vizuri, mwombe mjukuu akutazamie. Bwana wetu hakuona aibu kuishika miguu ya wanafunzi wake.

Wasikilizaji wapenzi, wakati wetu unakwisha. Wewe uliyekaa miezi mingi bila kupima kwa sababu ya hofu, toa mashine chini ya godoro. Wewe ambaye hujapimwa kamwe, nenda zahanati wiki hii. Na wewe uliyeacha dawa kwa sababu ya neno la mtu, usingoje kesho. Rudi kliniki leo. Hatasimama mtu mbinguni kukulaumu kwa kuwa ulikula asali ulipodhoofika.

Tuombe. Ee Mungu Baba, uliyeiumba damu na kuijua kila tone, twakushukuru kwa maarifa uliyowapa wanadamu. Wape ujasiri wanaodunga vidole vyao asubuhi ya leo. Ikiwa nambari ni njema, wakushukuru. Ikiwa ni mbaya, wasikate tamaa. Uwakumbuke watoto wanaodungwa sindano kila siku, na mama zao wanaoamka usiku kuwatazama. Walinde wasiokuwa na fedha za dawa, na uifungue mikono ya wenye nazo. Utufanye sisi kanisa lako kuwa watu wa kweli na wa huruma. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.